Shikamoo Kwanza, Saini Baadaye

Walioanza barua zao na "shikamoo dada", marahaba. Walioingia moja kwa moja kwenye shida bila salamu nao nimewasoma, maana shida ikimkaba mtu koo, salamu haipiti.

Wiki hii nina barua tatu mezani. Nimeziacha zilale usiku mmoja kabla ya kuzijibu, kwa sababu zimenigusa pale nilipowahi kuungua mwenyewe. Kwenye kona hii mmenizoea kwa mambo ya wachumba na mawifi. Leo ni viroba, saini na malori. Aliyekuja kwa habari za wifi avumilie hadi toleo lijalo, wifi hatakimbia.

Ya kwanza imetoka kwa binti wa hapa Benako. Ana miaka 22, amemaliza kidato cha nne, na miezi minne iliyopita alipata kazi kwenye duka la jumla la vifaa vya ujenzi. Ni karani wa kupokea na kutoa mizigo: saruji, bati, nondo, rangi. Anaandika hivi: "Dada, kila lori likifika dereva ni mjomba wa bosi, au shemeji wa bosi, au rafiki yake tangu shule ya msingi. Wananiambia binti saini hapa tuondoke, jua linazama. Nikisema nihesabu wananiona sina adabu. Nisipohesabu, mwisho wa mwezi mifuko haitoshi na ninayekatwa ni mimi. Nifanyeje?"

Mdogo wangu, mimi somo hilo nimelilipia ada, nimelipia kambi ya wakimbizi ya Lukole. Kaa nikusimulie.

Wengi mnaosoma hapa mlizaliwa baada ya mambo ya Lukole, au mlikuwa bado mgongoni. Mnalijua jina tu. Warundi walianza kuingia huku kwetu Ngara baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa Oktoba 1993. Halafu tarehe 28 na 29 Aprili 1994, kwa muda wa kama saa 24 tu, watu wapatao 250,000 wakavuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda. Nilikuwa msichana mdogo. Ninachokumbuka ni magodoro vichwani na ukimya, umati mkubwa hivyo na hakuna anayeongea. Benako, sehemu iliyopewa jina kutokana na kampuni ya Waitaliano iliyopiga kambi pale ikijenga barabara, ikageuka mji ndani ya siku mbili. Wanyarwanda waliondoka Desemba 1996. Warundi wakabaki Lukole hadi kambi ilipofungwa 2008, na waliokuwa bado hawajarudi kwao wakahamishiwa Mtabila, Kasulu.

Sasa fikiria tumbo la mji kama huo. Mkimbizi hakuruhusiwa kwenda zaidi ya kilomita nne kutoka kambini. Shamba hana, au anavizia kibarua kwenye shamba la mwenyeji wa Kihangaza kwa kujificha. Kwa hiyo karibu kila punje iliyoingia chunguni ilikuja kwa lori. Meli inashusha Dar es Salaam, treni ya reli ya kati inabeba hadi Isaka, pale Isaka mzigo unahamishiwa kwenye malori, yanapita Kahama, yanapita Lusahunga, yanakuja kwetu. Mahindi ya njano kutoka Marekani, maharage au dengu, unga wa lishe, chumvi, na mafuta ya kupikia kwenye yale makopo ya bati yenye herufi USA ambayo baadaye yaligeuka koroboi, milango na mapaa ya vibanda vya kuku. Nyumba nyingi za Ngara mpaka leo ukichungulia jikoni utalikuta moja, lina chumvi au misumari.

Na kila mzigo ulipobadilisha mikono palikuwa na mtu amesimama na kalamu. Mtu huyo huitwa karani wa tali. Mwaka 1999, nikiwa na miaka 20, nikawa mmoja wao, kwenye ghala la turubai lililokuwa na joto la tanuri mchana na baridi ya Ngara usiku. Shirika lililoniajiri silitaji, nililokosea nilikosea mimi.

Usiku huo ulikuwa wa mvua. Lori na tela lake lilichelewa kwa sababu siku hizo magari mengi yalisubiri kusindikizwa na polisi wenye bunduki kupita mapori ya Biharamulo, majambazi walikuwa wengi. Lilipofika ilikuwa karibu saa mbili. Tani 30, maana yake viroba 600 vya kilo 50. Vibarua walipakua wakikimbia mvua, kila mmoja anatupa kiroba pa kwanza anapoona pakavu. Mimi nilianza kupiga tali vizuri, kisha taa ya jenereta ikazima, ikawaka, ikazima tena. Nikapoteza hesabu kwenye mia tatu na kitu.

Dereva alikuwa mzee. Ana mvi, amejifunga kikoi begani, anakohoa. Alifanana na baba yangu mdogo hadi namna ya kukunja kope. Akanijia na hati ya mzigo, ile tuliyoiita weibili, akasema kwa upole kabisa: "Mwanangu, vyote vimo. Nimetoka navyo Isaka mwenyewe. Nina njaa, nina homa. Nisainie nikalale."

Nikaona haya. Mtoto wa Kihangaza, mzee wa makamo ya baba yako anakuambia vyote vimo, wewe utamjibu nini? Kumwambia "nitahesabu asubuhi" ilikuwa kama kumwambia "wewe mwongo". Nikasaini: vimepokelewa 600, hali nzuri.

Asubuhi tukapanga upya mlundo. Tabaka kwa tabaka. 588. Nikarudia. 588. Nikamwita mwenzangu ahesabu bila kumwambia nilichopata. 588.

Viroba kumi na viwili vya kilo 50 ni kilo 600. Tuseme posho ya mahindi ilikuwa gramu 400 kwa mtu kwa siku: kwa wiki mbili ni kilo tano na gramu 600. Kilo 600 ni posho ya mahindi ya watu 107 kwa wiki mbili. Hesabu hiyo sikufundishwa na mtu. Niliifanya mwenyewe nimekaa juu ya chaga, nyuma ya kadi ya stoo, na tangu siku ile sijawahi tena kuona kiroba kama kiroba.

Nilikatwa mshahara miezi mitatu. Lakini sikiliza kilichoniuma zaidi, maana ndicho jibu la swali lako. Sikuweza kujua vile viroba vilipotelea wapi. Inawezekana mzee aliviuza njiani. Inawezekana pia Isaka walimpakilia 588 tangu mwanzo, na yeye masikini, mgonjwa, hakuhesabu. Inawezekana viliibwa pale pale ghalani kwangu usiku, kwenye mvua. Saini yangu ilisema 600 vimefika, basi hakuna aliyekuwa na sababu ya kwenda kuuliza Isaka, wala kumuuliza mzee, wala kumuuliza mlinzi. Nilidhani nimemheshimu mzee wa watu. Kumbe nilimnyima nafasi ya kuonekana safi. Hadi leo nikikumbuka sura yake sijui nimkumbuke kama mwizi au kama mgonjwa, na hilo nimemfanyia mimi.

Ndiyo maana nakuambia, mdogo wangu wa Benako: huyo mjomba wa bosi, kama ni mkweli, hesabu yako ndiyo shahidi wake. Siku mifuko itakapopungua dukani, yeye atakuwa na karatasi inayosema alileta 400 na ilihesabiwa mbele yake. Bila karatasi hiyo atabaki kusemwa jikoni na wake za ndugu zake. Usimhesabie mzigo kama askari anayempekua. Mhesabie kama mwanafamilia asiyetaka ndugu yake asingiziwe.

Namna ya kufanya hivyo bila kuvunja heshima ipo, na sisi Waswahili tumebarikiwa vifaa vyake. Lori likiingia, toka nje mwenyewe. "Shikamoo mjomba. Pole na safari. Karibu kiti." Maji ya kunawa, maji ya kunywa. Agiza chai. Halafu sema, huku unatabasamu, "Wakati unapata chai, mjomba, sisi tunapakua na kuhesabu, hutasubiri." Hukumuomba ruhusa, wala hukumshutumu. Lori la saruji mifuko 600 kwa vibarua wanane waliozoea ni vikombe viwili na chapati moja. Hiyo bajeti ya chai mwombe bosi wako, na mwambie imependekezwa na dada wa gazetini. Ni rahisi kuliko mfuko mmoja wa saruji.

Akisema "huniamini?", usijitetee. Mjibu, "Nakuamini mjomba, nisiyemwamini ni mimi na hesabu zangu." Mimi nimelitumia jibu hilo kwa wazee, kwa masheikh, kwa mapadri waliokuja kuchukua msaada, halijawahi kugoma.

Mzigo usiosainiwa usiku haufi. Lori likifika giza limeingia na mvua inanyesha, funga turubai lake, lipaki ndani ya uzio, andika namba ya gari, namba ya sili kama ipo, saa lilipofika, dereva asaini kwamba limelala bila kufunguliwa. Hesabu ifanyike kukicha. Dereva atanuna. Mpe pa kulala.

Nikija kwenye kalamu yenyewe: andika ulichokiona, usiandike ulichoambiwa. Kwenye ile hati kuna mahali pa maelezo ambapo makarani wengi huacha patupu kama vile ni pambo. Pale ndipo penye kazi yako yote. "Vimepokelewa 588. Vimepungua 12. Viroba 7 vimelowa. Viroba 3 vimepasuka. Sili imekatwa." Wewe saini, dereva asaini, kila mmoja abaki na nakala. Ukikosea tarakimu usiipake wala kuifuta. Ikate kwa mstari mmoja ili ya zamani ionekane, andika mpya pembeni, weka saini fupi.

Na ile karatasi ya tali, ile yenye vidole vya unga na tone la mvua, usiinakili kwenye karatasi safi halafu ukaitupa. Vijana wengi huona aibu ya uchafu wake. Siku ya ukaguzi karatasi safi haina anayeiamini, kila mtu anajua iliandikwa ofisini. Mimi zangu nilizibana kwa pini nyuma ya weibili jinsi zilivyo.

Kuna hasara ambayo hesabu haiikamati. Idadi inatimia, mzigo haupo. Mnalijua bambo? Kile chuma chenye ncha na mfereji ambacho wanunuzi wa nafaka huchoma kwenye gunia kuchukua sampuli. Mkono mwema ukikishika ni kipimo. Mkono mwingine ukikishika, barabarani, kila kiroba kinatoa kilo moja au mbili, nyuzi zinasukumwa zirudi mahali pake, na viroba 600 vinafika 600. Lukole tulikuwa na mbeba mizigo mmoja wa Kirundi, mtu mzima, kwao alikuwa fundi cherehani. Yeye hakuhitaji mizani. Kiroba kikimtua begani kidogo tofauti, alikiweka pembeni na kusema, "Hiki kina njaa." Tukikipima, kilo 48. Kwa hiyo chukua viroba kadhaa bila kuchagua, vya juu, vya katikati na vya chini ya tela, pima. Na waulize wabebaji. Makarani wengi husahau kwamba mtu aliyebeba kitu mgongoni anakijua kuliko aliyekiandika.

Kuhusu kutoa mzigo sitasema mengi, maana ni kioo cha kupokea: simama wewe, hesabu wewe, na dereva anayeondoka mlazimishe ahesabu hata kama hataki. Ila kosa la kutoa lina ujanja wake. Halionekani kwa sababu ni dogo na linajirudia. Kwenye mgao wa posho tulipima kwa vikombe. Mpimaji mwenye huruma anajaza kikombe kikafanya kichuguu, gramu 100 tu za ziada, nani atamlaumu, mama ana watoto. Lakini watu 1,000 wakipita mbele ya huruma hiyo, kilo 100 zimekwenda, viroba viwili, na walio mwisho wa foleni wanakuta sakafu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, michango ya wafadhili ilipopungua na posho ikakatwa mara kadhaa, kichuguu cha kikombe kilikuwa jambo la kupigania. Wazee wa kambi walinisimulia pia ya Benako 1994, jinsi chakula kilivyokabidhiwa viongozi wa wakimbizi wenyewe wakigawe, na viongozi wakaongeza vichwa kwenye orodha, wakagawa kwa upendeleo, hadi mashirika yakabadili utaratibu ili familia zipokee zenyewe. Mkaribie huyo bosi wako na kisa hicho siku atakapokuambia shemeji yake ahesabu kwa niaba yako.

Kabla sijaiacha barua yako, kuna mawili hukuyaandika lakini nayajua yapo. La kwanza ni ya soda. Dereva anakukunjia noti mkononi, "ya soda, mdogo wangu". Ukiipokea leo hakuna kitakachotokea. Kesho lori lake likija, utaona mwenyewe mkono unavyokuwa mzito kuhesabu. Kama wewe ni msichana, baada ya soda kuna lifti ya kwenda Ngara mjini, na baada ya lifti unanielewa. Sema una kisukari. Mimi nimeugua kisukari cha uongo miaka tisa.

La pili ni gumu zaidi: bosi mwenyewe anakuambia usaini mzigo ambao haujafika. "Utakuja kesho, weka tu saini tumalize makaratasi." Hapo usipigane wala usikubali. Mwambie, "Sawa bosi, naomba uniandikie hapa kwamba mzigo utafika kesho, nami niandike kwamba leo haujafika." Kwa kauli ya chini, bila mashahidi, usimuaibishe. Wengi hawaandiki, na jambo linaishia hapo. Akikasirika akakufukuza, umepoteza kazi. Ukisaini, unaweza kupoteza zaidi ya kazi.

Barua ya pili ni ya kaka wa upande wa Nyakahura, Biharamulo. Ni karani kwenye ghala la mahindi. Anauliza kwa upole mno kama ni kawaida kuingia ndani siku mbili baada ya mzigo kufukizwa vidonge ili ahesabu mlundo, kwa sababu mnunuzi anataka taarifa haraka.

Usiingie.

Vile vidonge vikikutana na unyevu wa hewa hutoa gesi ya fosfini. Inaua dumuzi na inaua karani kwa njia ileile. Wengine husema inanuka kama kitunguu saumu au samaki aliyeoza, lakini usiitegemee pua, unaweza kuvuta kiasi cha kukudhuru bila kusikia harufu. Ghala libaki limefungwa siku zote alizosema fundi wa kufukiza, kisha lifunguliwe milango na madirisha lipigwe na hewa, na yeye fundi, siyo mnunuzi wala bosi, ndiye wa kusema sasa ingieni. Bandika tangazo mlangoni, chora fuvu kama huna karatasi iliyochapwa. Na nyumbani pia: watu wamekufa duniani kwa kulala chumba kimoja na magunia yenye vidonge hivyo. Mnunuzi anataka idadi? Msomee kadi ya stoo. Kama kadi yako iliandikwa vizuri kila kilipoingia na kila kilipotoka, huna haja ya kuingia ndani kuhesabu.

Unauliza pia kama kazi hii ina maisha mbele au ni ya kupoozea njaa. Ina maisha. Tazama barabara yetu tu. Tarehe 6 Aprili 2016 Rais Magufuli na Rais Kagame walizindua daraja jipya la Rusumo na kituo cha pamoja cha forodha, na malori ya Kigali yanapita mbele ya mlango wangu usiku na mchana. Kila lori lina mtu aliyelipakia na mtu atakayelipokea. Ukipata nafasi ya masomo, Chuo cha Elimu ya Biashara, CBE, na Taasisi ya Uhasibu, TIA, wanafundisha ununuzi na ugavi, na Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kina mambo ya usafirishaji. Ukitaka kutambulika kitaaluma, bodi yenu ni ile ya Wataalam wa Ununuzi na Ugavi, PSPTB. Lakini usisubiri cheti ndipo uanze kuandika kadi ya stoo sawasawa.

Ya tatu imenichekesha kisha ikaninyamazisha. Msichana, karani wa mizani kwenye chama cha ushirika cha kahawa, AMCOS yao. Msimu umefunguliwa, wanapokea kahawa ya maganda, na juzi kwenye foleni amemkuta bibi yake mzaa mama na gunia ambalo halijakauka. Bibi anamkonyeza. Nyuma ya bibi kuna watu ishirini na wote wanatazama.

Mdogo wangu, bibi angenikonyeza mimi ningekimbia. Lakini kwa vile umeniuliza, nitakujibu. Usimpimie wewe. Muite karani mwenzio apime, wewe mshike bibi mkono umkalishe kivulini. Kama mwenzio hayupo, basi pima kwa sauti, soma tarakimu watu wote wasikie. Na kahawa mbichi ni mbichi hata ikiwa ya bibi: ukiipokea itavunda na kuharibu magunia ya jirani zake, na bei ya wote ishuke. Irudishwe ikaanikwe. Jioni nenda kwa bibi na sukari kilo moja, ukamsaidie kuianika. Usimtumie mtu.

Nadhani najua kwa nini bibi ana haraka. Huenda kuna mtu alishampa hela ya butura, akainunua kahawa ikiwa bado maua mtini, kwa bei ya kutupa, na sasa anadai. Serikali imeikataza butura miaka na miaka na bado ipo, kwa sababu ada ya shule haisubiri kahawa iive. Muulize taratibu. Kama ni hivyo, hilo ndilo la kushughulikia, mizani haina kosa.

Ila mizani nayo uichunge. Kila asubuhi kabla ya kupokea, mbele ya wanachama, ianze sifuri, kisha weka kitu ambacho kila mtu anakijua uzito wake, mfuko wa saruji usiofunguliwa unafaa. Hakikisha ina stika ya Wakala wa Vipimo na haijapitwa na muda. Uzito wa gunia tupu uutoe waziwazi, usiukadirie kichwani. Mkulima wa kwetu amepunjwa kwa lumbesa na kwa mizani za wachuuzi tangu babu zake. Akikuona unaipima mizani yenyewe kabla ya kumpimia yeye, hata bibi akirudishiwa gunia lake hatakosa wa kumweleza kwa nini.

Binti wa Benako, nimesahau kukuambia jambo moja, nalo ni la sauti. Usihesabu moyoni. Lukole, baada ya usiku ule wa mvua, nilikubaliana na vibarua kwamba wao ndio wataimba hesabu na mimi ndiye nitakayepiga mistari: minne ya kusimama, wa tano unaikata. Waliimba kwa Kirundi. Rimwe, kabiri, gatatu, kane, na ikifika ya tano wote kwa pamoja, gatanu! Dereva anasikia, mlinzi anasikia, hata jikoni wanasikia. Taa ikizima sauti haizimi. Tulifanya hivyo hadi kambi ilipofungwa, na kiroba kilipopotea tulijua kimepotea saa ngapi.

Mwezi uliopita nilikuwa Kabanga, mpakani, nimekwenda kumfuata fundi wa turubai. Kulikuwa na lori linapakuliwa ng'ambo ya uzio, sikuliona, nilisikia tu vijana wanahesabu. Nilikuwa nimeshika kalamu na nyuma ya risiti, naandika namba ya simu ya yule fundi. Walipofika gatanu nikakuta nimeikata ile namba kwa mstari, ikabidi nimpigie mwenzangu anitumie tena.